KUVUA BESI KATIKA ZIWA NAIVASHA WAKATI WA JUA KALI

Mwezi wa Januari unapoingia, na Februari nyuma yake, wakazi wa Spring Valley, upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, huona nyasi zikibadilika rangi na vumbi likitua juu ya majani ya miti kando ya barabara. Huo ndio wakati wa jua kali. Ndio pia wakati ambapo watu wengi, wakipata siku ya mapumziko, hupenda kushuka Bonde la Ufa mpaka Ziwa Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi, ili wapunge upepo na kujaribu bahati yao kwa ndoana.

Kijana mmoja, mtunza bustani katika nyumba moja ya Spring Valley, alikuwa miongoni mwa watu hao. Alinunua ufito wa kuvulia uliokwisha kutumika, na pamoja nao akapewa kitabu kilichotoka Marekani, kinachoeleza namna ya kuvua samaki aitwaye besi katika miezi ya joto. Akakisoma chote. Kisha akatoa nauli, akatoa na siku yake ya pekee ya mapumziko, akafika ziwani saa sita mchana, jua likiwa utosini. Akatupa mshipi wake mbali kadiri alivyoweza, kwa sababu kitabu kilisema kwamba wakati wa joto besi hukaa kilindini. Jioni akarudi mikono mitupu. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo.

Bawabu wa nyumba ya jirani, mzee aliyevua samaki Naivasha kwa miaka mingi kabla ya kuja mjini, alimsikia akilalamika.

"Mzee," akasema kijana, "kitabu hiki ni cha uwongo."

"Si cha uwongo, kijana wangu," akajibu mzee. "Kinasema kweli ya kwao. Huko kwao joto huhesabiwa kwa miezi. Hapa kwetu huhesabiwa kwa saa."

Maneno hayo machache yana maarifa makubwa ndani yake, na yafaa tuyaeleze kwa taratibu, kwani mtu akiyaelewa hatapoteza nauli yake bure. Na zaidi ya hayo, huenda akaokoa maisha yake.

BESI NI SAMAKI WA NAMNA GANI?

Besi si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni mito na maziwa ya Amerika ya Kaskazini. Aliletwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya watu waliopenda kuvua kwa mchezo, na baadaye akaletwa tena. Kabla ya samaki wageni kuletwa ziwa hilo, ingawa ni kubwa na maji yake ni matamu, halikuwa na samaki wa kuliwa. Perege kutoka Mto Athi walitiwa humo katika miaka ya 1920, na aina nyingine za perege zikafuata mwaka 1956. Mwaka 1959 uvuvi wa biashara kwa nyavu ulianza. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi kutoka Uganda, na mwaka 2001 akaonekana samaki aitwaye karpu, ambaye sasa ndiye anayejaza nyavu za wavuvi kuliko besi.

Besi hutambulikana kwa urahisi. Rangi yake ni kijani iliyoiva mgongoni, tumbo lake ni jeupe, na ubavuni ana mstari mweusi uliokatika katika kama wino uliomwagika. Lakini alama yake kubwa ni kinywa. Akifumba kinywa, pembe ya taya hupita nyuma ya jicho. Kwa kinywa hicho humeza samaki wadogo, vyura, wadudu wakubwa na kamba.

Yeye si samaki wa kukimbiza chakula mbali. Hufanya kama chui: hujificha pembeni mwa majani au chini ya gogo, akatulia kimya, na kitoweo kikipita karibu hukirukia mara moja. Kwa hiyo anayetupa ndoana katikati ya maji matupu ni kama mtu anayemtafuta chui katikati ya uwanja wa mpira.

JOTO LINAVYOMSUMBUA SAMAKI

Samaki hana damu yenye moto wake mwenyewe kama sisi. Mwili wake hufuata joto la maji. Maji yakipoa, yeye hupoa na kulegea. Yakipata joto, mwili wake hufanya kazi upesi, naye huhitaji chakula kingi na hewa nyingi zaidi.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Samaki hupumua kwa matamvua hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyoshindwa kuishika hewa hiyo. Katika usawa wa bahari lita moja ya maji safi yenye digrii 20 huweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika digrii 30 hubeba miligramu 7 na nusu hivi. Nalo Ziwa Naivasha liko juu, karibu mita 1,890 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe ni nyepesi. Kwa sababu hiyo maji yake hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya pwani yenye joto lile lile.

Basi samaki wakati wa jua kali yu katika hali ya mtu anayepanda mlima akiwa amejitwika mzigo: ahitaji pumzi nyingi, na pumzi ni haba. Hatapoteza nguvu zake bure. Hutafuta mahali penye kivuli, penye hewa, na penye chakula kinachopita karibu. Mvuvi akipajua mahali hapo amekwisha kumaliza nusu ya kazi.

KWA NINI KITABU CHA MAREKANI HAKIKUMFAA

Katika nchi za kaskazini joto huja kwa msimu. Miezi kadhaa jua huyapiga maji ya juu, yakawa ya moto, na maji ya chini yakabaki baridi; tabaka hizo mbili hazichanganyiki mpaka baridi irudi. Ndiyo maana mvuvi wa huko hufundishwa kutafuta besi mahali penye kina wakati wa kiangazi.

Naivasha iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili unusu asubuhi mwaka mzima. Mchana wake ni wa moto, lakini usiku wake ni wa baridi, kama ajuavyo kila aliyelala huko bila blanketi. Tena ziwa hilo halina kina kirefu. Sehemu yake kubwa ni maji ya mita chache tu. Usiku maji ya juu hupoa, yakawa mazito, yakazama na kuchanganyika na ya chini. Alfajiri maji yote huwa karibu sawa. Jua likipanda, maji ya juu hupata joto tena. Kisha baada ya adhuhuri upepo huvuma kwa nguvu ukayakoroga maji tena.

Hivyo mambo ambayo huko kaskazini huchukua miezi, hapa hutendeka yote kati ya macheo na machweo. Hayo ndiyo aliyomaanisha mzee wa Spring Valley kwa kusema kwamba joto letu huhesabiwa kwa saa.

SAA ZA KUVUA

Kuanzia kuchomoza kwa jua mpaka saa tatu asubuhi. Huu ndio wakati bora. Maji bado ni baridi, upepo haujaanza, na besi hutoka mafichoni kuja kwenye maji haba kutafuta chakula. Tupa chambo kando ya mafunjo na matete, si ndani yake. Chambo cha bandia kinachoelea na kutikisika juu ya maji kama chura humvuta sana saa hizi. Usikivute upesi. Kiache kitulie, kitikise kidogo, kisha kiache tena.

Kuanzia saa tatu mpaka saa saba mchana. Sasa besi amerudi kivulini. Mtafute chini ya gati za mashua, kando ya magogo, na kwenye migunga iliyokufa ambayo bado imesimama majini tangu ziwa lilipofurika sana mwaka 2020. Magugu maji yanayoelea nayo hutoa kivuli, lakini vua ukingoni tu. Katikati ya magugu mazito maji hayapati hewa, wala samaki hapendi kukaa hapo. Tumia chambo kinachozama, ukivute polepole karibu na chini, kama kamba atembeavyo. Samaki hatakifuata mbali, kwa hiyo ni lazima kipite karibu na kinywa chake. Tupa mahali pamoja mara tano au sita kabla ya kuhama.

Baada ya saa saba. Upepo ukianza, rudi pwani. Ni kweli kwamba mawimbi huyatia maji hewa, na besi huanza kula tena. Lakini mashua ndogo katika upepo wa Naivasha ni jambo la hatari, na hakuna samaki mwenye thamani ya roho ya mtu.

Besi akishika ndoana huruka juu ya maji akitikisa kichwa ili aiteme. Usimpe nafasi. Inamisha ncha ya ufito chini, kaza mshipi, umlete moja kwa moja bila kumchezea. Samaki aliyepigana muda mrefu katika maji ya moto huchoka mno, na hata ukimrudisha majini huenda akafa.

HATARI YA JIONI

Kijana alipoyasikia hayo alifurahi, akasema, "Basi, mzee, kama besi hula tena maji yanapopoa, nami nitakaa kando ya mafunjo mpaka giza liingie."

Mzee akatikisa kichwa. "Hapo, kijana wangu, utakuwa wewe ndiwe chambo."

Twaomba kila msomaji alizingatie neno hilo. Kiboko hukimbia jua kama besi akimbiavyo. Mchana kutwa hukaa majini ili ngozi yake isikauke. Jua likitua hutoka kwenda malishoni, na karibu na mapambazuko hurudi. Njia zake hupita katika mafunjo yale yale ambayo mvuvi huyapenda. Yaani saa nzuri za samaki na saa mbaya za kiboko ni saa zile zile. Kiboko aliyekutana na mtu katikati yake na maji hampigii hodi. Humshambulia, naye ana mbio kuliko mtu. Watu wengi wamekwisha kuuawa au kuumizwa naye kandokando ya Naivasha, na wengi wao walikuwa wavuvi.

Kwa hiyo shika kanuni hizi:

Usivue kwa miguu kando ya mafunjo jioni wala kabla mwanga haujakamilika. Ukisikia majani yakivunjika, ondoka upesi bila kungoja kuona ni nini.

Vua ukiwa ndani ya mashua imara, pamoja na mwenyeji azijuaye sehemu wanazokaa viboko. Malipo yake ni madogo kuliko gharama ya hospitali.

Kila aliyemo mashuani avae koti la kuokolea, hata kama anajua kuogelea. Koti lililowekwa chini ya kiti halimwokoi mtu.

Ukiona kichwa cha kiboko kikizama karibu nawe, usingoje kibuke tena. Ielekeze mashua kwenye maji ya wazi, mbali naye, wala usimkatie njia ya kwenda kilindini.

Sehemu ya mchana ya jua kali nayo ina madhara yake. Vaa kofia pana, chukua maji ya kunywa ya kutosha, na mtu akilalamika kwamba kichwa chamuuma na macho yamwingia kiza, mpeleke kivulini mara moja.

SAMAKI WA KULA NA SAMAKI WA KUACHA

Kabla ya kuvua, pata leseni kwa maofisa wa uvuvi, na uulize kama ziwa li wazi. Serikali huweza kulifunga kwa muda ili samaki wazaliane, kama ilivyofanya mwaka 2001 baada ya samaki kupungua sana. Watu wengine huona jambo hilo kuwa ni uonevu. Lakini ziwa ni kama ghala: likichotwa bila kutiwa kitu, siku moja mwenye njaa atalifungua akute panya tu.

Mvuvi wa ndoana naye ana wajibu wake. Besi dume hufagia shimo dogo katika mchanga kwenye maji haba, jike akaja kutaga humo, na baada ya hapo dume ndiye hukaa kulinda mayai na watoto. Wakati huo huuma kitu chochote kinachokaribia, si kwa njaa bali kwa kulinda nyumba yake. Ni rahisi sana kumnasa, na ni hasara kubwa kumchukua, kwa sababu mara anapoondolewa samaki wengine huja wakala watoto wote. Ukiona besi anayezunguka mahali pamoja bila kutaka kuondoka, mwache. Ukimnasa bila kujua, lowesha mikono yako, mtoe ndoana angali majini, umwachilie pale pale. Samaki wadogo nao wafanyie vivyo hivyo.

Tena, usichukue samaki au kamba walio hai kuwapeleka katika bwawa au mto mwingine. Naivasha yenyewe ni fundisho. Kulikuwa na samaki mdogo sana, mwenyeji wa ziwa hilo, ambaye hajaonekana tena tangu mwaka 1962, na wataalamu wengi hufikiri kwamba besi alishiriki katika kumaliza ukoo wake. Anayetia mgeni majini hawezi kumwita arudi.

Usimwokote pia samaki aliyekufa anayeelea. Mwezi wa Februari 2010, baada ya ukame mkali ulioshusha maji ya ziwa, samaki wengi walionekana wakielea wamekufa. Watu wakabishana: wengine walisema ni sumu kutoka mashambani, wengine walisema ni maji kukosa hewa. Liwe lolote, samaki ambaye hukumvua mwenyewe akiwa hai si kitoweo.

KUMFIKISHA NYUMBANI AKIWA MZIMA

Joto lile lile linalomsumbua besi majini humharibu upesi zaidi akiisha kufa. Wengi huvua vizuri, kisha wakawafunga samaki katika mfuko wa plastiki na kuwaweka juani ndani ya gari. Wakifika Nairobi kitoweo kimekuwa harufu.

Mpige samaki kichwani mara moja afe upesi. Mpasue, mtoe matumbo na matamvua, mwoshe kwa maji safi ya kunywa, kisha umweke katika sanduku lenye barafu. Ikiwa huna barafu, mfunge katika majani mabichi, mtie ndani ya gunia lililoloweshwa, na liweke kivulini penye upepo. Maji yanapokauka kutoka katika gunia huondoka na joto. Lakini dawa ya gunia ni ya saa chache tu. Samaki ambaye macho yake yamedidimia na nyama yake yabonyea bila kurudi asiliwe.

Nyama ya besi ni nyeupe na tamu, wala haina miiba mingi. Mkaange au mchemshe mpaka nyama iachane na mfupa kwa urahisi.

MWISHO WA SAFARI YA TATU

Kijana wa Spring Valley alikwenda mara ya tatu. Safari hii alilala mjini Naivasha, akapanda mashua pamoja na mvuvi mwenyeji kulipokwisha kupambazuka, na saa nne asubuhi alikuwa amekwisha kurudi nchi kavu. Alikuwa amenasa besi watano. Watatu walikuwa wadogo, akawarudisha. Wawili akawaleta ndani ya barafu, na mmoja wao akampelekea mzee langoni.

"Wale watatu umewaachia nani?" mzee akauliza.

"Nimejiachia mwenyewe, mzee, kwa mwakani."

Wahenga walisema akiba haiozi. Samaki aliye katika gunia huoza kabla ya jioni. Aliye ziwani hukua. Basi ewe msomaji, ukishuka Naivasha wakati wa jua kali, nenda na saa yako, nenda na leseni yako, vaa koti la kuokolea, na uondoke kabla upepo haujaanza kuvuma.